SIKIO LIKILIA, ULIZA SABABU

(Hotuba ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika. Imenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Leo hatukusimama hapa kusema habari ya mbolea wala bei ya mbaazi. Hayo yapo, na Mwenyekiti atayafikia. Sisi tumeomba nafasi tuseme juu ya masikio. Tunaona wengine mnacheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza sikilizeni, maana jambo hili limetuletea aibu sisi viongozi wenu, na aibu hiyo yafaa isemwe mbele ya watu wote, siyo kunong'onezwa chini ya mwembe.

Mnamkumbuka kijana wetu wa mashine ya kusaga. Wakati wa mavuno yaliyopita malalamiko juu yake yalifika ofisini mara tatu. Mama mmoja alisema, "Nimemwambia debe sita, ameniandikia tisa." Wa pili naye akaleta shauri hilo hilo. Mzee mmoja akasema kijana ana kiburi, ukimsalimu ukiwa nyuma yake haitikii. Kamati ilikaa, ikaona huyu ni mwizi, tena hana adabu. Tukamwandikia barua ya onyo. Barua ile iliandikwa kwa mkono huu huu unaoandika gazeti letu la ukutani. Ilibaki barua moja tu aachishwe kazi.

Basi siku moja alikuja ofisini pamoja na mke wake. Mke ndiye aliyesema. Alisema, "Ndugu Katibu, masikio ya mume wangu yanalia kama nyenze tangu mwaka juzi. Usiku halali. Redio anaifungua mpaka mtoto anaamka. Na huyu siyo mwizi." Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Tukamwuliza, kwa nini hukusema mapema? Akajibu kwamba alisema. Alisema siku ile tulipopita kukagua mashine, na sisi tukamjibu kwa mzaha, "Basi kuna watu wanakutaja." Tukacheka, tukaenda zetu.

Ndugu zetu, ni kweli tulisema hivyo. Tunakumbuka mpaka mahali tulipokuwa tumesimama.

Kijana alipelekwa zahanati, na kutoka zahanati akapelekwa hospitali ambako masikio hupimwa kwa mashine. Huko wakaona kwamba sauti nene anazisikia, lakini sauti nyembamba zimempotea. Sasa hebu semeni wote kwa sauti ya chini: sita. Tena semeni: tisa. Mnaona? Sauti za i na a ni zile zile. Kinachotofautisha maneno haya ni hiyo s na hiyo t, zimebadilishana nafasi tu, nazo ni sauti nyembamba. Mtu ambaye sauti nyembamba zimemtoka, hasa mashine ikiwa inanguruma, anasikia i na a tu, halafu anabahatisha yaliyobaki. Mwenzetu alikuwa anabahatisha. Sisi tukaita wizi.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza. Tumemwuliza mganga wa zahanati, tumesoma, na katika darasa letu la watu wazima tumelifanya kuwa somo la majuma mawili. Haya tutakayosema ni yale tuliyojifunza.

MLIO NI NINI

Jambo la kwanza kushika ni hili. Mlio masikioni siyo ugonjwa wenyewe. Ni dalili, kama vile homa ni dalili. Ukiona moshi juu ya nyumba hugombani na moshi, unatafuta moto uko wapi. Mlio huja kwa namna nyingi. Mmoja husikia kengele, mwingine nyenze, mwingine mvumo kama wa maji ya mto, mwingine filimbi, na mwingine husikia dundo linalokwenda sawasawa na mapigo ya moyo. Sauti hiyo haitoki nje. Aliye kando yako haisikii. Lakini huwazi uongo wala hujarukwa na akili.

Tena siyo jambo la watu wachache. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2022 zilionyesha kwamba kati ya watu wazima 100, kama 14 wamewahi kupatwa na mlio wa namna hii. Ukihesabu sisi tuliokaa hapa leo utaona hatuwezi kukosa. Ila wengi wamenyamaza, wanaogopa kuchekwa kama tulivyomcheka mwenzetu.

Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ni hii tunayoiona pamoja na tundu lake. Ya kati ina kiwambo kama ngozi ya ngoma na vifupa vitatu vidogo. Ya ndani kabisa ina mfuko uliojiviringa kama nyumba ya konokono, umejaa maji, na humo mna chembe hai zenye vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika kila sikio ziko kama 15,000. Sauti ikiingia, maji yale hutikisika na vinywele huinama kama mpunga unapopigwa na upepo. Kuinama huko ndiko kunakopeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo ndio unaosema huyu ni mbuzi, huyu ni mtoto, hii ni mvua.

Upepo ukipita, mpunga huinuka tena. Lakini ng'ombe wakipita shambani kila siku, mpunga haunyanyuki. Chembe hizi zikifa ndani ya sikio la mtu hazioti tena. Hapo ubongo unakosa habari uliyozoea kuipata. Ni kama redio iliyopoteza stesheni: unaongeza sauti upate kitu, kumbe unachopata ni mvumo mtupu. Wataalamu wengi wanaeleza mlio wa namna hii hivyo, kwamba ubongo unaongeza sauti kutafuta kilichopotea.

Sasa wapo wanaosema sikio likilia unasengenywa, likiwa la kulia unasemwa vizuri, likiwa la kushoto unasemwa vibaya. Hatukuja kugombana na mazungumzo ya wazee. Mlio wa nukta chache unaokuja na kuondoka humpata kila mtu, na ukitaka kucheka nao, cheka. Lakini mlio unaokaa siku nyingi, au unaokuja pamoja na usikivu kupungua, huo uulizwe sababu yake.

SABABU ZINAZOTUHUSU

Sababu ni nyingi. Tutakaa zaidi kwenye zile zilizo karibu na sisi.

Sababu ya kwanza ni kelele. Sauti hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi wanasema mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya masaa 8 kwa siku. Na hapa tuangalie hesabu, kwa sababu siyo kama hesabu ya kilo. Desibeli zikiongezeka 3 tu, masaa yanakatwa nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 88 ni masaa 4. Kwenye 91 ni masaa 2. Kwenye 94 ni saa 1. Kwenye 100 ni dakika 15 tu.

Mtauliza, sisi hatuna kipimo, tutajuaje? Kipimo tunacho, ni mdomo. Simama na mwenzako hatua moja kati yenu. Ikiwa lazima upige kelele ndipo akusikie, hapo mahali pamepita kiasi. Tulikwenda mashineni tukajaribu. Kwa hatua moja tulipaza sauti mpaka koo likauma, na mwenzetu akaweka mkono sikioni aseme, "Nini?" Na kijana wetu alikuwa hapo tangu asubuhi mpaka magharibi, siku sita kwa juma, kwa miaka minne. Alikuwa anajiziba kwa pamba kavu. Pamba kavu haizuii kelele, inazuia vumbi tu.

Kelele haina usaha wala damu, ndiyo maana inadanganya. Siku za kwanza sikio hulia jioni na asubuhi likawa limetulia. Mtu anasema nimezoea. Hukuzoea, ndugu. Ule mlio wa jioni ndiyo barua ya onyo, na ukipuuzwa, siku moja utalala nao na kuamka nao. Vijana mnaoweka hedifoni masikioni mkafungua mpaka mwisho, na ninyi mnaokaa mbele ya spika za harusi usiku kucha, maneno haya ni yenu pia. Na wenye misumeno ya mbao vile vile.

Sababu ya pili ni uchafu na ugonjwa wa tundu la sikio. Nta ya sikio siyo uchafu. Imewekwa kuzuia vumbi na wadudu, na hutoka yenyewe pole pole. Lakini sisi tuna tabia moja. Tukikaa kivulini baada ya kula tunachukua njiti ya kiberiti, chelewa ya ufagio, au unyoya wa kuku, tunafumba jicho moja na kuanza kuchokonoa. Tunaona raha. Kumbe nta inasukumwa ndani mpaka inagusa kiwambo, sikio linaziba na kuanza kuvuma. Wengine wametoboa kiwambo kwa njia hiyo. Sisi wenyewe tunaosema hapa tuliziba sikio la kulia namna hiyo hiyo, tukahangaika miezi miwili. Zahanati walitutilia matone ya kulainisha, na baada ya siku chache wakasafisha kwa maji ya uvuguvugu. Mlio ukakoma siku ile ile. Hatukutozwa mbuzi wala kuku.

Sikio linalotoa usaha ni shauri jingine. Tusizoee kusema mtoto huyu masikio yake ndivyo yalivyo. Usaha ukikaa miezi unakula vifupa na kiwambo, unaleta uziwi na mlio, na mara nyingine unapenya mpaka karibu na ubongo. Msitie mafuta ya taa, msitie maji ya majani, msitie maziwa. Kaushieni kwa kitambaa safi kilichosokotwa, sikio lisiingie maji wakati wa kuoga, na mtoto apelekwe zahanati. Kuna matone yanayotibu.

Sababu ya tatu ni dawa. Hapa tunaomba utulivu, maana hatutaki mtu aondoke hapa akaenda kutupa dawa zake.

Wazee wanaikumbuka kwinini. Mtu akinywa kwinini masikio yanavuma, anakuwa kama kiziwi, kichwa kinazunguka na chakula hakipiti. Mlio ule ulitokana na dawa yenyewe, na kwa kawaida uliondoka dawa ilipokwisha. Siku hizi malaria ya kawaida inatibiwa kwa dawa mseto, ambayo nchi yetu iliichagua mwaka 2006, na malaria kali inatibiwa kwanza kwa sindano ya atisuneti. Kwa hiyo mtu asikatae tiba ya malaria leo kwa kuogopa mvumo wa kwinini ya zamani. Malaria kali yenyewe inaua, na inaweza kuharibu usikivu.

Dawa ya pili ni aspirini. Bibi mmoja wa hapa kijijini ametupa ruhusa tuseme habari yake bila kumtaja. Alikuwa na maumivu ya magoti. Akawa ananunua aspirini dukani, anameza vidonge vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni, na usiku goti likimwamsha anaongeza. Baada ya majuma machache masikio yakaanza kulia. Akaambiwa marehemu mumewe anamwita. Akatoa mbuzi. Mlio ukazidi, kwa sababu magoti nayo yalizidi na vidonge vikazidi. Mjukuu wake alimpeleka zahanati, mganga akauliza swali moja tu: "Bibi, unameza nini?" Aspirini ikaachwa, akapewa tiba nyingine ya magoti, na siku chache baadaye mlio ukatoweka. Magoti yamepata nafuu. Mbuzi hakurudi.

Dawa za tatu ni baadhi ya sindano. Sindano ya streptomaisini iliyotibu kifua kikuu kwa miaka mingi, na kanamaisini iliyotibu kifua kikuu sugu, zimeokoa maisha ya watu wengi, lakini baadhi yao ziliwaacha na mlio, uziwi au kizunguzungu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2019 liliacha kupendekeza kanamaisini, na tiba za vidonge zikachukua nafasi. Vidonge vya kawaida vya kifua kikuu vya miezi 6 havina hatari hiyo ya masikio. Kwa hiyo mwenye kifua kikuu anayeacha vidonge kwa sababu ya maneno ya mtaani anajiua mwenyewe na kuwaambukiza wenzake.

Iko pia sindano ya jentamaisini. Hospitalini ni dawa nzuri, hata watoto wachanga wanaokolewa nayo, kwa kuwa kipimo chake kinaangaliwa. Ubaya ni kununua sindano dukani na kuchomwa na mtu asiyesomea. Kipimo kikizidi, au siku zikizidi, au figo za mgonjwa zikiwa na shida, dawa hii inaua zile chembe za ndani, na huko hakuna kurudi. Basi kanuni yetu iwe moja: ukianza kusikia mlio ukiwa kwenye dawa, usiache kimya kimya na usiendelee kimya kimya. Rudi kwa aliyekupa, umwambie.

Sababu ya nne iko kwenye damu. Mlio unaodunda pamoja na moyo unataka kuangaliwa. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, sikiliza. Ikiwa dundo la sikioni linakwenda na dundo la mkononi, nenda kapimwe. Huenda ni shinikizo la damu, huenda ni upungufu wa damu, huenda ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na mara chache ni mshipa wa damu ulio karibu na sikio wenye kasoro. Kupima presha ni dakika chache tu. Presha kwa kawaida haina dalili, kwa hiyo msingoje masikio yalie ndipo mpimwe.

Na akina mama wajawazito, tunawaombeni sana. Mjamzito akiumwa kichwa sana, akaona vimulimuli machoni, akavimba uso na mikono, au akapata maumivu makali juu ya tumbo chini ya kifua, awe na mlio masikioni au asiwe nao, asingoje kesho wala asingoje mume arudi safari. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, nayo inaua mama na mtoto.

Sababu nyingine tutazipitia haraka. Uzee peke yake unapunguza usikivu pole pole na kuleta mlio. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huweza kuharibu sikio la ndani, na kwa surua chanjo ipo, basi watoto wachanjwe. Kupigwa kofi la sikio kunaweza kupasua kiwambo. Walimu, na wazazi, na ninyi waume, mmesikia. Kuanguka na kuumia kichwa, meno, na kiungo cha taya, navyo vimo. Na uko ugonjwa wa sikio la ndani unaoleta kizunguzungu kikali kwa vipindi, sikio kujaa, mvumo na usikivu kupungua. Unaitwa ugonjwa wa Ménière, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1861. Mgonjwa wa namna hii anaweza kudhaniwa kalewa au ana mashetani. Asichekwe, apelekwe hospitali.

NANI ASINGOJE

Wengi wenye mlio hawana ugonjwa wa kuwaua. Lakini wako ambao hawapaswi kungoja. Tunawataja polepole ili mwandishi anakili vizuri.

1. Aliyepoteza usikivu ghafla, kwa siku moja mpaka tatu, sikio moja au yote mawili. Huyu aende siku ile ile. Iko dawa inayoweza kusaidia ikianzwa mapema, na majuma mawili yakipita nafasi inakuwa ndogo sana.
2. Mwenye mlio wa sikio moja tu usiokoma. Mara chache ni uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio.
3. Mwenye mlio unaodunda pamoja na moyo.
4. Mwenye mlio pamoja na uso kupooza upande, kizunguzungu kikali, kichwa kuuma sana, au baada ya kuumia kichwa.
5. Mwenye usaha au damu sikioni.

Zahanati ikishindwa inaandika barua ya rufaa. Wataalamu wa masikio, pua na koo wako hospitali kubwa kama Muhimbili Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Ni mbali, tunajua, na nauli ni nauli. Ndiyo maana tunasema tuanze mapema hapa hapa, maana nta na usaha na aspirini havihitaji basi la Dar es Salaam.

MLIO USIPOONDOKA

Sasa tuseme ukweli mchungu. Sababu ikitibika, mlio mara nyingi huondoka. Lakini chembe zikiwa zimekufa, kama za kijana wetu, hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa mlio, wala mizizi, wala matone yanayouzwa mnadani. Anayekuambia atauondoa kwa siku tatu anataka fedha yako.

Lakini hiyo siyo kusema hakuna msaada. Mlio huwa mkali penye kimya. Kwa hiyo usiku mtu afungue redio kwa sauti ya chini, au alale penye mvumo mdogo wa upepo au maji. Aliyepungukiwa usikivu akipata kifaa cha kusikia, mara nyingi mlio nao hupungua, kwa kuwa ubongo umepata sauti za kweli za kushughulikia. Na jambo kubwa ni hofu. Mtu akiamini kwamba anaitwa na wafu au anakwenda kufa, mlio unakuwa mkubwa maradufu. Akijua sababu yake, akazungumza na mtu anayemwelewa, ubongo pole pole unauzoea kama tulivyozoea jogoo wa jirani.

Kijana wetu anasema hivyo. Anasema nyenze wake bado wapo, lakini tangu aambiwe ni nini, analala.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, tunamalizia. Mwaka 1973 wazee wetu walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikia, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Hawakusikia na kurudi nyumbani tu. Na sisi tusifanye hivyo. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano huu.

La kwanza. Ushirika ununue viziba masikio vya kazi, vile vinavyofunika sikio lote, jozi mbili za mashineni na moja ya msumeno. Fedha zitoke kwenye mapato ya mashine yenyewe. Mashine iliyochukua masikio ya mtu isishindwe kulipia ya mwingine.

La pili. Asikae mtu mmoja mashineni siku nzima. Wawe wawili, wapokezane, na mwenye zamu ya kupumzika aandike hesabu nje, mbali na injini. Bomba la moshi lielekezwe upande wa pili, na fundi akaze mabati yanayogongana, maana nusu ya kelele ile tumeisikia inatoka kwenye mabati.

La tatu. Ubao mdogo na chaki viwekwe mlangoni. Mteja aandike idadi ya madebe yake kwa tarakimu. Asiyejua kuandika aonyeshe kwa vidole. Wanafunzi wetu wa darasa la watu wazima wamekwisha omba wao ndio wawasaidie wenzao siku za mnada, maana nao wanapata mazoezi. Sita iandikwe 6, tisa iandikwe 9, na mtu asiigeuze juu chini.

La nne ni letu sisi viongozi. Ile barua ya onyo tumeichukua kutoka kwenye jalada. Tunayo hapa. Kwa idhini ya Mwenyekiti tunaichana mbele yenu.

(Hapa Katibu aliichana barua. Watu walipiga makofi.)

Kijana wetu amesimama pale nyuma, karibu na mlango. Hatujui maneno yetu yamemfika kiasi gani kutoka hapa, kwa hiyo tutamwandikia nyingine, na safari hii itakuwa ya kuomba radhi. Tumemwuliza kama anataka kuendelea na kazi. Amesema ndiyo, lakini ya kuandika hesabu nje, na amfundishe mwenzake mashine. Kamati imekubali.

Na ninyi mliomwita mwizi, mnajijua. Sisi tumeanza. Njia ya kwenda kwake mnaijua.

Mwisho, ndugu zetu, mtoto akikuambia sikio linalia, au mzee akikuuliza "Nini?" mara tatu, usimjibu kwa mzaha. Mwulize limeanza lini, la upande gani, anatumia dawa gani, anafanya kazi wapi. Maswali hayo manne hayana gharama, na ndiyo yale yale atakayoulizwa zahanati.



(Mkutano ulikubali mapendekezo yote manne. Kuhusu viziba masikio, mhazini atatoa taarifa hapa hapa ukutani vikishanunuliwa.)